Sabiri Mhina na Mbwa Aliyefukua Mayai ya Kasa

Watu wa Kabuku hawana shughuli nyingi kati ya basi moja na jingine, kwa hiyo wamejifundisha kazi ya kusema watu. Benchi lao liko mbele ya duka la Valentino, mjukuu wa manamba, kibarua aliyeletwa zamani kukata mkonge, anayeuza soda, vocha na habari za majirani. Soda huwa ya moto na vocha huisha mapema, lakini habari hazijawahi kumpungukia. Ni kwenye benchi hilo iliposemwa kwamba Sabiri Mhina wa Mazingara, mtoto wa nyumba inayoheshimika, amekutwa huko pwani akiiba mayai ya kasa ndani ya hifadhi ya bahari.

Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Ya kweli ilikuwa ndogo kuliko hiyo, na ilichekesha zaidi.

Sabiri ni mkulima. Darasani hakufika mbali. Elimu ya nyumba ile yote aliichukua kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Sabiri alirithi shamba la mahindi na muhogo, na akarithi mbwa wa baba yake. Majirani wengi Waislamu hawataki mbwa hata avuke ua, lakini ngiri na nungunungu wa Mazingara hawaulizi dini ya mtu kabla ya kuingia shambani, kwa hiyo nyumba ya Mhina ilifuga mbwa wa kuwafukuza na kuwawinda. Nyama ya ngiri haikuingia kwao hata siku moja. Waliichukua jirani zao Wakristo, wakashukuru, na wengine baada ya kushiba wakasema kwamba wazee wa Mhina wananuka mbwa.

Katika uwindaji huo ilikuwapo desturi moja ambayo baba aliwatia watoto wake vichwani mapema kuliko sala. Mbwa akionyesha shimo la nungunungu, apewe kitu pale pale, juu ya shimo, kabla binadamu hajafanya lolote. Ukimchelewesha, hajui tena amelipwa kwa lipi. Kwa ajili hiyo mfuko wa kulia wa Sabiri haukukosa kipande cha ugali wa jana, mkavu kama kigae.

Mfuko huo ndio uliomponza.

Siku moja alifika Mazingara kijana aitwaye Raymond, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu. Alikuwa msimamizi wa kambi moja ya wageni kule pwani, jirani na hifadhi ya bahari. Kijana huyo amezaliwa Korogwe, na mama yake amemlea kwa kuuza machungwa stendi, kazi isiyo na aibu yoyote. Aibu aliitia yeye mwenyewe, kwa kuwaambia wageni kwamba kwao ni Arusha.

"Mzee Sabiri, naambiwa wewe huogopi mbwa," alisema.

"Mbwa gani?"

"Mbwa wa wageni wetu. Wamechanjwa, wanaogeshwa, wana daktari wao."

"Basi wao ndio wataniogopa mimi."

Kambi ilikuwa imetengeneza njia ya kutembelea kwa miguu, juu ya miamba ya matumbawe, kupitia mikoko hadi ufukweni, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba mgeni anaruhusiwa kutembea na mbwa wake. Walichokosa ni mtu wa kushika kamba. Wenyeji wa pale walikataa, wakasema wao ni watu wazima.

Kabla ya kuondoka Sabiri alikwenda kumuaga shemeji yake Mwanaisha, mjane wa kaka yake, mwalimu mstaafu anayekaa Kabuku.

"Shemeji," alisema Mwanaisha, "umewinda na mbwa kwa ajili ya mahindi, na hakuna mwenye akili aliyekucheka. Sasa unakwenda kumtembeza mbwa ili mbwa aone bahari. Hilo nitawaelezaje watu?"

"Waambie nimepata kazi."

"Kazi yako, au ya mbwa?" Kisha akamfungia mihogo ya njiani. "Nenda salama. Ila kumbuka, jina unaloondoka nalo si lako peke yako."

Huko pwani alipewa shati lenye picha ya unyayo wa mbwa kifuani. Alilivaa kama mtu anavyovaa bandeji. Kando ya njia ile kulikuwa na mabakuli ya maji safi, yanayobadilishwa kila asubuhi kwa ajili ya mbwa, na akina mama wa kijijini walipita hapo na ndoo vichwani wakitoka kuchota maji ya chumvichumvi kisimani. Wageni walipiga picha mabakuli. Walipiga na akina mama pia, lakini wachache zaidi.

Mbwa aliyekabidhiwa Sabiri aliitwa Otto. Alikuwa mnene, rangi ya chai ya maziwa, na alivaa koti la kuogelea la rangi ya machungwa hata pale ambapo maji hayakuwapo. Bibi mwenye mbwa alikuwa akimwomba radhi kila alipokanyaga jiwe lenye ncha. Otto alikula chakula cha kopo, akalala kwenye godoro, na katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kutafuta kitu chochote kwa pua yake mwenyewe. Sabiri alimtazama kwa huruma ambayo hakuwahi kumwonea mbwa mwenye njaa. Kila jioni alinawa mate ya Otto kama dini inavyoagiza, mara saba, moja kwa udongo, na kwa kuwa pale udongo ulikuwa wa shida, alitumia mchanga na kumwachia Mungu hukumu.

Mlinzi wa ufukwe ule kwa upande wa hifadhi alikuwa askari wa kike aitwaye Asnath, Mshambaa wa Dindira, aliyekulia kwenye mashamba ya chai na hakuwahi kuiona bahari mpaka alipopewa kazi ya kuilinda. Yeye ndiye aliyezungushia vijiti kila mahali kasa alipofukia mayai, na ndiye aliyetoa sharti kwamba chini ya miamba mbwa wasifunguliwe kamba.

Asubuhi moja, kwenye mchanga usio na kijiti chochote, Otto alisimama ghafla. Aliinamisha pua, akanusa, akaparua kidogo. Kwa Sabiri huyo hakuwa tena mbwa wa wageni mwenye koti. Alikuwa mbwa aliyeonyesha shimo. Mkono uliingia mfukoni kabla kichwa hakijaulizwa.

"Haya, baba, chukua," alisema, akamtupia kipande cha ugali pale pale.

Otto, aliyelishwa nyama ya kopo maisha yake yote, aliutafuna ule ugali kama mfalme aliyegundua chumvi. Sabiri akavuta kamba, wakaendelea na safari. Hakujua kwamba kasa alikuwa amepanda pale kutaga usiku uliopita, na kwamba Asnath alikuwa bado hajafika kuweka vijiti.

Kesho yake bibi mwenye mbwa aliomba Otto aachiwe huru, maana eti kamba inamhuzunisha. Sabiri alikataa. Bibi akamtazama Raymond, na Raymond akatazama bahari, ndivyo msimamizi anavyotoa ruhusa asiyotaka kuulizwa baadaye. Kamba ikafunguliwa. Otto alikimbia mbele, akapotea nyuma ya mwamba, na baada ya muda akarudi mwenyewe, mdomo umejaa mchanga. Akaketi mbele ya Sabiri na kuukodolea macho mfuko wa kulia. Alidai kwa adabu, na Sabiri hamnyimi anayedai kwa adabu. Akampa.

Mvua ilinyesha mchana ikafuta nyayo. Jioni Asnath, alipokuja na vijiti vyake, alikuta shimo tupu, na hata kabla hajauliza, Raymond alikuwa na jibu.

"Hao ni watu, afande. Mbwa wetu wanakula kwenye sahani. Chunguza huyu mzee wa bara, kwao ni wawindaji."

Sabiri alikuwa amesimama hapo hapo. Aliposikia shimo lilikuwa wapi, alielewa yote, akahisi ugali uliobaki mfukoni umekuwa mzito. Alifungua mdomo, lakini Raymond alikwishamshika bega na kumvuta pembeni.

"Mzee, usiwe na wasiwasi, hakuna kesi. Ushahidi hawana. Wewe nyamaza tu, nitakuhamishia bustanini. Ikijulikana ni mbwa, njia itafungwa na sote tutarudi kwetu."

"Na watu watasema nimeiba."

"Watasahau."

"Na jina langu?"

Raymond alicheka kidogo. "Jina gani, mzee? Huku nani anakujua?"

Lakini dereva wa kambi alikuwa anamjua, naye alisimama Kabuku kunywa soda ya moto. Haukupita muda simu ya Sabiri ikaita.

"Shemeji," alisema Mwanaisha, bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimepita dukani kwa Valentino, wote wakanyamaza. Umeiba mayai?"

"Hapana, shemeji. Ni mbwa. Ila mbwa mwenyewe nimemfundisha mimi, bila kujua." Akamweleza habari ya ugali.

"Marehemu alikuwa akisema mfuko wako utakuja kutuumbua. Haya, nenda kaseme."

"Nitafukuzwa."

"Utafukuzwa ukiwa Mhina. Ukinyamaza utabaki huko ukiwa mwizi, unamwagilia maua ya Raymond."

Asubuhi Sabiri alimfuata Asnath. Aliona maneno matupu hayatatosha, kwa hiyo alimwomba amsindikize mpaka kwenye mayai mengine, yale yaliyozungushiwa vijiti, na akamshika Otto kwa kamba fupi. Bibi mwenye mbwa alikuja nyuma yao, na Raymond nyuma ya bibi, akisema kwamba zoezi lile halikuwa na ulazima.

"Mwanangu, simama karibu na vijiti," Sabiri alimwambia Asnath. "Akivuka, mzuie."

Hakukuwa na haja ya kungoja. Otto alinusa upepo, akavuta kamba, akafika kwenye vijiti na kuparua mara moja. Kisha akaketi, koti lake limemkaa upande, akageuka na kuutazama mfuko wa Sabiri kama mfanyakazi anayesubiri haki yake.

"Mfukoni una nini, mzee?" aliuliza Asnath.

"Ugali."

"Ugali?"

"Wa jana."

Asnath aligeuka akatazama baharini, mabega yakimtikisika. Aliporudisha uso alikuwa askari tena. Sabiri akamweleza desturi yao yote, na kwamba kosa ni lake.

"Kwetu Dindira baba yangu angekuelewa," alisema Asnath. "Mkuu wangu hataelewa. Lakini kama ungekuwa mwizi, usingenileta hapa." Halafu akamgeukia Raymond. "Kuanzia leo mbwa hawapiti njia hii. Na nitataka kujua nani aliyemfungua kamba."

Raymond alivua miwani. Bila miwani alionekana ni mtoto wa Korogwe tu, na alikuwa mzuri zaidi hivyo, kama angejua. "Umetuharibia kazi kwa sababu ya jina," alimwambia Sabiri. "Rudisha shati."

Sabiri alilirudisha likiwa limefuliwa.

Aliposhuka Kabuku, benchi lilikuwa limejaa. Shemeji yake alikuwa ndani ya duka akipimiwa sukari, na hakuna aliyeamini kwamba sukari ilimwishia siku ile kwa bahati.

"Karibu, mzee wa mayai," alisema Valentino.

Sabiri angeweza kupita. Alisimama akawasimulia yote tangu mwanzo, na ule ugali hakuuficha. Benchi zima likaanguka kicheko, mmoja akamwagikiwa soda.

"Kwa hiyo mbwa ana daktari wake, ana godoro lake, na wewe umempeleka shule?" aliuliza mmoja.

"Na kafaulu," alisema Sabiri.

"Basi si mwizi huyu," Valentino alisema, akifuta machozi. "Ni mwalimu wa mwizi."

Kutoka ndani ya duka ikasikika sauti ya Mwanaisha. "Valentino."

"Shikamoo, mama mwalimu."

"Marahaba. Kile ulichosema mwanzo, sikukisikia vizuri."

Valentino aliwatazama wenzake, nao wakatazama barabara. "Nimesema si mwizi, mama."

"Na yule dereva akipita tena?"

"Nitamwambia hivyo hivyo."

"Habari nyingine ongezeni mnavyopenda, ndiyo kazi yenu," alisema Mwanaisha. Akachukua sukari yake, akatoka, akampita kila mtu benchini bila kumwangalia. "Twende, shemeji. Ngiri wamemaliza mahindi yako."