Mashine Isiyokimbiwa

Drusilla Chepngeno alikuwa jirani yangu katika kambi ya wachumaji chai, nje kidogo ya Kericho, na kwa ukaidi sijaona wa kumfikia. Alichuma chai kama mtu aliyetukanwa na majani. Nyapara mwenyewe alimwogopa. Lakini kuanzia mwaka wa tisini na tano hivi, moyo ulianza kumsumbua. Akipanda kilima na kikapu mgongoni pumzi zinamkatika, basi anachuchumaa na kusingizia eti anafunga kamba za viatu, naye amevaa gambuti.

Daktari wa kwanza alimwandikia tembe na kumtuma akapigwe eksirei ya kifua. Siku hiyo hakwenda kazini, alikula vizuri, akalala fofofo, na asubuhi akaamka mzima. Hapo ndipo alipopotelea. Tembe hakuzigusa, aliamini aliyemponya ni eksirei. Tangu siku hiyo, moyo ukimgonga alitafuta kliniki mpya mjini, akaapa kwamba hajawahi kupigwa picha hata moja, akapigwa. Kericho walipoanza kumjua sura akahamia Kipkelion, kisha Litein. Picha zenyewe alizibandika dirishani mahali pa kioo kilichovunjika, kwa hiyo sisi majirani tukipita jioni na maji tulikuwa tunasalimiwa na mbavu zake.

"Mama Kepher," aliniambia, "hiyo mashine iko na nguvu. Hujaona yule kijana akitaka kuwasha anakimbia nyuma ya ukuta? Anatoka ndio dawa yote iingie kwangu."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Halafu nikakasirika, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumvimba na usiku alilala ameketi. Mwishowe daktari alimwambia bila kumficha: kuna mlango ndani ya moyo umeharibika, na eksirei haiwezi kuonyesha umeharibika kiasi gani. Aende hospitali ya misheni upande wa Bomet, kuna mashine nyingine. Bila hiyo hawawezi kumtibu, na asipotibiwa hamalizi mwaka.

Nilimpeleka mimi mwenyewe, nimemshika mkono kama mbuzi wa mnada.

Mwenye mashine alikuwa dada mmoja aitwaye Marcella, mjamzito, tumbo limemtangulia. Alimlaza Drusilla kwa ubavu wa kushoto, akampaka kitu baridi cha kuteleza kifuani, akavuta kiti akaketi karibu naye kabisa.

Drusilla akainua kichwa. "Sasa wewe unakaa hapa?"

"Ndio, mama."

"Hutoki?"

"Nitoke niende wapi?"

Drusilla akaanza kufunga vifungo vya blauzi. "Mama Kepher, twende nyumbani. Huyu ananikanda tu. Mashine haikimbiwi na mtu, itakuwa na nguvu gani?"

Uvumilivu uliniisha. "Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamfokea. "Umepigwa Kericho, umepigwa Kipkelion, umepigwa Litein, na kilima bado kinakushinda! Haya, twende ukafe na picha zako!"

Marcella hakutujali na kelele zetu. "Mama, umepigwa eksirei mara ngapi?"

Drusilla akatazama dari. "Si mingi sana."

"Na kila mahali uliwaambia umepigwa kwingine?"

Drusilla akajishughulisha na kifungo cha blauzi.

"Eksirei ni kitu nzuri daktari akiihitaji," Marcella akasema taratibu. "Moja haina neno. Lakini si dawa, na ile miale mtu hafai kuipata bure bure. Yule kijana anapiga watu kutwa nzima, kila siku. Akisimama hapo na kila mgonjwa itarundikana kwa mwili wake. Sio ati anakuachia dawa, mama. Anajikinga." Akashika tumbo lake. "Kama hii ingekuwa kama ile, mimi na huyu tungekuwa wa kwanza kutoka. Hii inatumia sauti tu. Ndio maana nimekaa na wewe."

Drusilla alilitazama lile tumbo kwa muda. Amezaa watoto sita. Anajua hakuna mama anayecheza na mimba yake ili kumdanganya mgeni.

"Kumbe alikuwa ananikimbia," akasema, "na mimi namwambia kongoi." Kongoi ni asante kwao. Akafungua vifungo tena.

Marcella alimgeuzia kioo cha mashine. Mle ndani kitu cha kijivu kilikuwa kinafunguka na kujifunga bila kutulia, na upande mmoja mlango ulikuwa mzito, unavutika kwa shida.

"Hiyo ni nini?"

"Moyo wako, mama. Vile unafanya sasa hivi. Huu mlango umebana, lakini hatujachelewa. Unatibika."

Nilijiandaa kwa ubishi, lakini haukuja. Drusilla aliukodolea macho ule moyo, kisha akausemesha kwa Kikipsigis, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake miaka yote ya ujirani wetu. Nikamuuliza ameuambia nini.

"Nimemwambia pole," akasema. "Mgonjwa hivyo, na anafanya kazi hata mimi nikilala. Hakuna mtu amewahi kumpa hata siku moja ya ofu."

Nilichukua leso yangu nikampangusa kifua, nikilia waziwazi mbele ya Marcella.