Kisanduku Chenye Taa Nyekundu

Saa tatu asubuhi, pembeni mwa mji wa Beni, Kitsa Maliro anaegemeza ngazi kwenye nguzo lakini hapandi. Kwanza anabisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Ni miye Kitsa, mutu wa kebo," anasema. "Nitafunga kasanduku pale juu. Kako na taa nyekundu. Musiogope."

Kitsa, 41, ni fundi wa kampuni ndogo ya televisheni ya kebo yenye makao Butembo. Alipoanza, miaka kumi na minne iliyopita, wateja walipata chaneli nne zilizojaa chenga, na filamu zilezile wiki nzima. Leo zipo thelathini na nane, pamoja na habari za Kinande na Kiswahili kila jioni.

"Zamani batu balisikia sauti tu," anasema. "Sasa banaona mpaka jasho ya muchezaji."

Picha hizo safi zinaletwa na visanduku vya kuongeza nguvu ya mawimbi. Ndivyo vilivyokaribia kumuua.

Machi iliyopita, mji ukiwa na hofu ya mabomu ya kutegwa, alikuwa juu ya nguzo vijana walipokusanyika chini. Mmoja aliuliza anatega nini. Mwingine akaondoa ngazi. Mapanga yakatokea.

"Nilisema ni ya televizyo. Hakuna mwenye alinisikia. Nilikumbatia poteau, ile nguzo."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Ndipo mteja wake, Mariette Kavugho, wa nyumba iliyo mbele ya nguzo, alipogeuza televisheni yake kuelekea dirishani.

"Toa waya," alimwambia Kitsa. Picha ikapotea. "Rudisha." Picha ikarudi. Akarudia mara tatu, kisha akawauliza vijana: "Ni bombe gani inaonesha mupira?"

Wakarudisha ngazi.

"Hata miye niliogopa," Mariette anakiri. "Yeye nilikuwa namujua. Kile kisanduku, hapana."

Kitsa alikaa nyumbani wiki mbili. Mkewe, Jemima, alitaka warudi kijijini Masereka kulima. Lakini upande wa Beni hauna fundi mwingine, kwa hiyo alirudi kazini.

Sasa kampuni inaonesha sura za mafundi kabla ya habari za jioni, na kisanduku kikiwa wazi. Ni wazo la Kitsa. Bado kunabaki Mbau, kaskazini mwa Beni, ambako kebo haijafika na hakuna aliyeona sura yake. Barabara ya kufika huko, ambako wenye silaha hushambulia wasafiri, inamnyima usingizi.

Mariette, mzaliwa wa Mbau, amekubali kwenda naye.

"Nitasimama chini ya poteau," anasema, "nibaambie ni mutu wangu."

Kitsa anatumaini kuanza kazi Mbau kabla ya Krismasi. Siku yenyewe hajaipanga.