Othmar Aliyeupumzisha Mlima

Kabla ya semina ya Mbamba Bay, Othmar Kinunda alikuwa mtu wa kawaida tu huko milimani Mbinga: ana kahawa kiasi, ana mke aitwaye Dafrosa, na ana goti la kulia ambalo huanza kuuma kila mwaka ufikapo mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu ndio mwezi wa ngoro. Mwanamume hukata nyasi kwa nyengo na kuzilaza shambani kwa miraba. Mwanamke huja na jembe, akachota udongo wa katikati ya mraba na kuzifukia zile nyasi. Hubaki shimo katikati na kingo pande nne. Maharage hupandwa kwenye kingo, maji ya mvua hutulia shimoni. Wamatengo wameifanya kazi hiyo tangu mababu, na goti la Othmar halijawahi kuipenda.

Semina ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza mtaalamu alieleza habari za mabamba: kwamba nchi kavu na bahari vimebebwa na vipande vikubwa vya mwamba, kwamba vipande hivyo vinatembea taratibu, na kwamba Ziwa Nyasa limejaa ndani ya ufa, mahali ambapo Afrika inaachana yenyewe kwa yenyewe, milimita chache kwa mwaka. Othmar alisikiliza mdomo wazi. Siku ya pili ilikuwa ya udongo. Othmar akaona udongo anaujua, amezaliwa nao, akashuka ufukweni kula samaki aina ya mbasa, wa kuchoma. Jioni alipokea cheti kama wenzake.

Alirudi mlimani mtu mwingine. Baada ya misa Jumapili alisimama nje ya kanisa akawauliza watu kama wanajua wamekalia nini. Hawakujua, akawaambia. Mzee Egidi alitaka kujua ziwa litafika lini kijijini. Othmar alijibu kwamba ni miaka milioni kadhaa, kwa hiyo ni vizuri kujiandaa mapema. Wakaanza kumwita Mtaalamu, naye hakuwakataza.

Mwezi wa tatu ulipoingia, Dafrosa aliinoa nyengo akamkabidhi mumewe. Othmar akaiweka chini.

"Mama Raimundi, hebu fikiri kisayansi," alisema. "Mlima huu uko kando ya ufa. Halafu kila mwaka ninyi akina mama mnautoboa mashimo mia nne. Maji yanajaa, uzito unaongezeka. Unadhani mwamba utavumilia mpaka lini?"

"Baba Raimundi, mama yako alilima ngoro hapa hapa miaka arobaini."

"Mama hakwenda semina."

Mimi nasema lile goti ndilo lililohudhuria semina, mwenyewe alilisindikiza tu. Lakini mwenye shamba ni mwenye shamba. Mwaka huo mlima ulipumzishwa. Othmar na wanafunzi wake wawili wa kilabuni walisawazisha ngoro zote, wakapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, ili maji yashuke upesi ziwani yanakotakiwa. Dafrosa alibishana siku tatu, kisha akapanda. Alikuwa na debe moja la mbegu, na shamba hilo ndilo pekee la chakula. Kwingine kote ni kahawa, na kahawa hailiwi na ugali.

Siku ya kumi baada ya kupanda, mvua ilinyesha tangu mchana hadi jioni. Othmar alisimama barazani akisifu jinsi maji yanavyoshuka bila kuchelewa. Yalianza mekundu, yakawa meusi, kisha yakaanza kubeba miche. Mvua ilipokatika, kila mtu aliweza kuuona ule mwamba ambao Othmar alikuwa akiusimulia, mweupe, umelala wazi kuanzia katikati ya shamba kwenda juu.

Bibi shamba, binti mmoja aitwaye Jacqueline, alikuja kutazama.

"Udongo utarudi baada ya muda gani?" Othmar aliuliza.

"Unene wa kidole kimoja, baba, mlima huutengeneza kwa miaka mia kadhaa."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tuliwaambia siku ya pili."

Chini ya shamba hilo kuna shamba la Walburga, mdogo wake Othmar, mjane. Yeye alichimba ngoro zake kama kawaida, na zile za juu zilikuwa zimejaa udongo mweusi mpaka pomoni. Asubuhi Othmar aliteremka na ndoo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimefuata udongo wangu."

Walburga aliitazama ndoo, akamtazama kaka yake. "Chota tu, kaka. Lakini kule juu huo udongo utakaa juu ya nini?"

Othmar alipandisha ndoo mbili, akazimwaga juu ya mwamba. Ya tatu aliijaza akashindwa kuinyanyua, akaketi. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona uchungu mkubwa zaidi, kwa maana udongo ule mama yake aliulisha nyasi mwaka hadi mwaka mpaka mgongo ukapinda, na yeye aliupoteza kwa mchana mmoja kwa sababu ya uvivu. Alilijua neno hilo, ingawa hakulitamka.

Walburga hakumsema. Alipanda kwa Dafrosa. "Wifi, kona yangu ya juu lima wewe. Mbegu nitakupa. Ila ngoro zimefukiwa, zinataka kuchimbwa upya, na mtu wa kukata nyasi sina."

Kesho yake Othmar alikata nyasi tangu alfajiri, akazilaza mraba kwa mraba, huku wapita njia wakimwamkia kwa adabu iliyozidi kidogo. Dafrosa alimfuata nyuma na jembe, akachota, akafukia. Othmar aliokota bonge moja, akalivunja kiganjani.

"Udongo mzuri huu," alisema.

"Ni wa wifi," Dafrosa alijibu bila kuinua kichwa. "Sogea, unaukanyaga."