Baba Aliponiombea Msamaha

Mimi nilisomea migomo. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndiyo kazi iliyonilisha: kuchunguza kwa nini wachumaji wa majani chai hugoma, kwa nini hurudi shambani kabla hawajapewa walichodai, na ni nani huachwa nje wenzake wakirudi. Niliyaandika hayo kwa Kiingereza kigumu chenye majedwali, nikaitwa daktari, na baadaye profesa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibeba mizigo ya watu kwa ncha ya kalamu, na ulipofika wangu mgongo ulinipinda kama wa mtu mwingine yeyote.

Baba yangu alikuwa nyapara katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, kabla hajastaafu na kurudi kwenye kishamba chake karibu na Litein. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu safi. Jioni watu walikuja mlangoni petu. "Nyapara, nisaidie." Huyu mtoto wake alishikwa na malaria akakosa kufika kazini, yule alikuwa amechuma majani makubwa yasiyofaa akafukuzwa. Baba aliwasikiliza akiwa amesimama, akasema sheria ni ya kampuni, akafunga mlango. Wachumaji walipogoma, yeye na askari ndio waliotumwa kutoa vyombo vya wagomaji nje ya nyumba za kampuni. Niliona vitanda na sufuria vikinyeshewa kwenye nyasi, na mvua ya Kericho haina huruma, huja kila alasiri kama iliyoajiriwa. Nilimwogopa baba, na papo hapo nilimwonea fahari. Mtoto anayaweza yote mawili bila shida.

Nilisoma ng'ambo kwa harambee. Watu wa Litein walikusanyika kanisani wakauza walichokuwa nacho, na kuku mmoja alipigwa mnada hadi akafika bei ya ndama. Niliporudi nikaajiriwa kufundisha uchumi wa kazi na maendeleo katika chuo kikuu kimoja Nairobi, na utafiti wangu wa kwanza nikaupeleka kule kule nilikokulia. Nilipita nyumba za kampuni mlango kwa mlango na hojaji yangu. Mshahara? Uko sawa. Nyumba? Iko sawa. Nyapara? Hapo walitazamana. Mama mmoja akaniuliza, "Kwani wewe si ule kijana wa nyapara?" Nikajua utafiti umekufa.

Aliyeufufua ni mwenzangu wa idara, Mgusii kutoka ng'ambo ya Chepilat, soko ambalo sisi Wakipsigis tunauza upande huu na wao wanauza upande ule. Wachumaji wengi walikuwa wa kabila lake. Aliketi nao jikoni, akala ugali wao, wakamweleza mambo ambayo mimi nisingeambiwa hata ningezeeka nikiuliza. Tuliandika pamoja kila kitu kilichotupa jina. Nusu ya sifa zangu ni jasho lake, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini watu wetu walichomeana nyumba kule mpakani. Nyumba ya mama yake iliteketea. Upande wetu nilizika binamu. Siku tuliyorudi ofisini alichemsha chai, akanimiminia, tukanywa bila kuulizana ni nani aliyeanza. Mke wangu na mke wake waliendelea kukopeshana chumvi, maana tulikaa nyumba za chuo zilizopakana ukuta. Nilidhani urafiki uliopita kwenye moto ule hauwezi tena kufa kwa kitu kidogo.

Kisha sisi wenyewe tukagoma. Wahadhiri tulitaka chama cha wafanyakazi, tukanyimwa usajili, tukaacha kufundisha. Wiki zikawa miezi. Wengine walichoka wakarudi polepole, wakipita mlango wa nyuma. Chuo kikatufuta kazi sisi tuliobaki, kikaacha upenyo mmoja: anayetaka kazi yake atie sahihi karatasi ya kuomba msamaha na kujitoa katika chama. Rafiki yangu na mimi tulipeana mikono sebuleni kwake, mbele ya wake zetu, kwamba hakuna atakayerudi peke yake. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu jinsi waajiri wanavyovunja migomo kwa kuwachomoa watu mmoja mmoja. Nilijiona mjanja kwamba mimi siwezi kuchomolewa.

Asubuhi moja vibarua wa chuo walikuja na askari kututoa. Niliwatazama wakibeba kochi letu na kuliweka kwenye nyasi, na mmoja wao, mtu mzima, alikataa kunitazama usoni. Kazi ile niliijua. Tukapakia malori, rafiki yangu na familia yake wakaelekea Nyamira, sisi Litein.

Kurudi nyumbani umefutwa si jambo dogo pale ambapo watu waliuza mifugo ili usome. Mwanzo walinionea huruma. Baadaye vijana sokoni wakaanza: "Daktari, leo ni holidei tena?" Nilicheka nao, kisha nikaacha kwenda sokoni. Nikachuma chai ya baba pamoja na mke wangu, na vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu. Watoto walihamia shule ya karibu, wakalala wote katika chumba kimoja cha mabati. Usiku mke wangu aliniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma: "Ukirudi, utarudi na uso gani? Lakini usiporudi, watoto watakula uso?"

Siku moja tukiwa tunasubiri gari la kubeba majani baba alinigeukia.

"Hiyo karatasi. Ukitia sahihi wanakurudisha?"

"Ndiyo, baba."

"Na hutaki."

"Siwezi. Nilimpa mtu mkono."

Akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi, nikadhani amenielewa kama mwanamume anavyomwelewa mwenzake. Wiki iliyofuata alivaa koti lake la kanisani, akang'arisha viatu, akaniambia yeye na mzee wa kanisa jirani yetu wanakwenda mkutano wa kanisa Kericho. Alibeba kibuyu cha mursik. Sikuuliza mkutano gani huo unaotaka maziwa ya kibuyu.

Barua ya chuo ikaja. Nimerejeshwa kazini, ilisema, kwa kuwa msamaha umeombwa na umekubaliwa. Damu ilinipanda kichwani. Msamaha gani? Nilidhani wameghushi ili kututenganisha, na mbinu ya namna hiyo nilikuwa nikiifundisha darasani. Nikapanda basi kwenda Nairobi kuwatupia barua yao.

Sekretari wa mkuu wa chuo, mama tuliyejuana naye miaka mingi, aliniona nikiingia nimekunja uso. Akanivuta kando.

"Daktari, usimpigie mtu kelele hapa. Yule mzee wako alikaa kwa hii benchi mpaka mkubwa akachoka kumpita. Alipoitwa ndani mimi nilikuwa napeleka chai. Akasema, 'Mimi nilikuwa nyapara. Kijana akikosea, baba yake ndio anakuja kuomba. Huyu ni yangu, na makosa ni yangu.' Halafu akapiga magoti. Hapo ndani, kwa karpeti. Mzee mzima hivyo. Mkubwa hata hakujua aangalie wapi."

Nilikaa. Nilimwona baba mbele ya macho yangu, suruali yake yenye mkunjo wa pasi, akishika ukingo wa meza ya mtu mwenye umri wa mwanawe ili aweze kushuka, maana goti la kushoto lilikuwa bovu. Sikuwahi kumwona akipiga magoti hata kanisani. Huko alikuwa akiinamisha kichwa tu, akisema Mungu anajua miguu yake. Nililia pale kwenye benchi, na sekretari akasimama mlangoni ili watu wasinione.

Lakini njiani kurudi huzuni iligeuka ghadhabu. Nilimkuta nyuma ya boma akimkatia ng'ombe majani ya nepia.

"Umenifedhehesha," nikamwambia. "Nani alikutuma?"

Hakuacha kukata mpaka fungu lilipotosha. Kisha akanyooka, akashika kiuno.

"Nimetoa watu wengi nje ya nyumba zao," akasema. "Walikuja wenyewe kunililia, na wake zao wakaja. Hakuna hata mmoja ambaye baba yake alikuja. Angekuja mzee wa mtu akanipigia magoti, nisingeweza kumfungia mlango. Nililijua hilo miaka yote, na nilikuwa nikiomba wasije wakalijua. Basi mimi nimekwenda."

"Nilimpa mtu mkono, baba."

"Nilikusikia. Ndiyo sababu sikukuomba wewe uende."

Akaniambia nimsaidie kubeba majani. Tulibeba, ng'ombe akala, na hatukulizungumza tena jambo hilo mpaka alipokufa.

Nilirudi kazini. Niliwaza sana, na wenye hekima za bure waliosema kulikuwa na njia ya tatu hawakuwa na baba kama wangu. Kukataa kungekuwa kumwacha mzee pale pale kwenye karpeti. Kukubali kungekuwa kumwacha rafiki yangu nje peke yake. Nilichagua, na sikuona raha hata siku moja. Wahadhiri waliokuwa wamerudi kabla yangu walinikaribisha kwa bashasha mno, kama walevi wanavyomkaribisha aliyekuwa ameacha pombe. Waliobaki nje wakaambiana kwamba nimetia sahihi. Kwa nini wasiseme? Jina langu lilikuwa kwenye ratiba, na wao hawakuwa na ratiba.

Kumweleza rafiki yangu lilikuwa jambo rahisi, mtu atasema. Si rahisi. Kwetu mtoto hatangazi kwamba baba yake alipiga magoti. Na ningelisemaje bila kumfanya mzee kuwa ngao yangu? Hata hivyo nilijaribu. Nilikwenda Chepilat siku ya soko, nikasimama upande wa kwao, mahali ambapo mtu wa kabila langu bado alitazamwa mara mbili. Nikamwona akinunua ndizi. Alikuwa amekonda, na nilikuwa nimesikia kwamba anafundisha uhasibu katika chuo kidogo cha jioni huko Kisii, na kwamba mke wake anauza mitumba. Akaniona. Hakugeuza uso wala hakuharakisha. Alimaliza kuchagua ndizi zake, akalipa, akapita karibu nami kama mtu anavyopita nguzo ya simu. Nikaondoka na maneno niliyoyaandaa.

Nikapanda vyeo. Makala iliyonifanya profesa ilisimama juu ya mahojiano aliyoyafanya yeye katika zile nyumba za kampuni, na nililiweka jina lake mbele ya langu. Nikamtumia nakala. Hakujibu. Darasani niliendelea kuwafundisha vijana kuhusu mshikamano wa wafanyakazi, sauti ikiwa ile ile, na chaki mkononi nikaiona nzito. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza lolote. Walikuwa na mitihani.

Baba alikufa kuelekea mwisho wa miaka hiyo ya tisini, kifo cha mapafu, kirefu na kibaya. Tulimzika Litein. Mahema yalijaa, kwaya ikaimba, na nilipoinua macho wakati wa salamu za rambirambi nikamwona rafiki yangu kwenye viti vya nyuma. Amevuka mpaka amekuja kumzika baba yangu. Nikajiambia kwamba Mungu hamwachi mja wake.

Kisha yule mzee wa kanisa, jirani yetu, akashika maikrofoni. Alisimulia kwa fahari kubwa, na hakuacha kitu: lile koti, kibuyu cha mursik, ile benchi, karpeti, goti bovu. "Huyu profesa mnayemwona hapa," akasema, "hakuomba msamaha. Alikataa kabisa! Ni marehemu alienda akaomba, na kijana hata hakujua." Watu wakapiga makofi, akina mama wakafuta machozi. Mimi niliinamisha kichwa. Lilikuwa limesemwa hatimaye, na halikusemwa na mimi.

Baada ya mazishi rafiki yangu alinijia karibu na kaburi, kando ya michai ya baba, watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula. Alikuwa na mvi. Akanipa mkono na pole ya msiba.

"Kumbe hukutia sahihi," akasema.

"Sikutia," nikasema. "Naapa mbele ya kaburi hili, sikutia."

Alinitazama bila chuki yoyote.

"Miaka yote hii nilifikiri walikulazimisha," akasema. "Kwamba njaa ilikushinda, ukatia sahihi. Mtu mwenye njaa nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Ndiyo maana nimekuja." Akaitazama foleni ya chakula, akanitazama tena. "Lakini hukutia sahihi, na bado ulirudi."

Akanishika bega, akapita kati ya watu kuelekea barabarani, na hakungoja chakula.