Kilo Mbili na Nusu

Watu wa Mbale wakikuambia Swaib aliacha ngumi kwa sababu ya ulafi, waambie wanyamaze. Waambie Yekosofati ndiye amesema. Nimechoka kusikia upuuzi huo kwenye vibanda vya chai, tena kutoka kwa watu ambao hawajaruka kamba hata dakika mbili tangu wazaliwe. Swaib hakuwa mlafi. Aliacha ngumi akiwa na miaka ishirini na mitatu, mkono wake wa kushoto ukiwa bado mwepesi kuliko wa bondia yeyote niliyemwona huku mashariki mwa Uganda, na aliyemfanya aache ni mimi. Sikuwa peke yangu, lakini ni mimi.

Alizaliwa mtaa wa Namakwekwe hapa Mbale, Mnubi, wa zile familia ambazo mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudan. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya nyumbani. Mimi ni Mgisu, Kiswahili changu nilikiokota Bungoma, ng'ambo Kenya, nilipokuwa nikivusha vitunguu mpakani, na ndiyo maana tulielewana haraka. Wengine mtaani kwetu wakisikia Kiswahili, kwa kuwa kwetu kilikuwa lugha ya jeshi, walikumbuka askari na vitako vya bunduki, wakanuna. Swaib alikuwa akiwasalimia hivyo hivyo, kwa sauti, mpaka wakachoka kununa.

Ngumi alifundishwa na Afande Erisa, sajini wa magereza aliyekuwa na klabu yake ndogo nyuma ya karakana ya seremala. Ilikuwa klabu ya kutia huruma. Gunia la kupigia lilikuwa gunia la kahawa lililojazwa vumbi la mbao, na glavu zilikuwa jozi nne kwa watu kumi na watano. Mzani hawakuwa nao kabisa. Bondia bila mzani atajuaje uzito wake? Basi Swaib akawa anakuja kwangu.

Mimi nilikuwa mpimaji katika ghala la mnunuzi mmoja wa kahawa. Kila asubuhi, kabla wakulima hawajajaa, Swaib alivua viatu na shati, akapanda juu ya ule mzani mkubwa wa magunia, nami nikasogeza jiwe kwenye mkono wa chuma mpaka likatulia. Kwa daraja la uzito alilopigania hakutakiwa kuzidi kilo sitini. Nikimtajia sitini na moja, siku hiyo anakimbia mpaka Nkoma na kurudi mara mbili. Nikimtajia hamsini na tisa na nusu, ananirushia ngumi za hewani na kuniita daktari wake. Miaka miwili tulikwenda hivyo, na mzani ule haukumwangusha hata siku moja.

Kisha ukaja msimu wa mwaka tisini na nne. Bei ya kahawa ilipanda ghafla, wanunuzi wakafurika mjini, kila mmoja anamvuta mkulima upande wake. Tajiri wetu alitangaza bei ya juu kuliko wote. Jioni moja akafunga mlango, akalitoboa lile jiwe la mzani kwa chini, akamimina ndani madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Jiwe likawa zito kuliko lilivyopaswa kuwa. Gunia la kilo sitini na mbili na nusu sasa lilisoma sitini kamili. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Akaniambia, "Yeko, mdomo huu ukifunguka, wakulima watatuchoma sisi wote wawili humu ndani." Nilijua hatanii.

Kesho yake asubuhi Swaib akaja, akavua shati, akapanda.

Hapo ndipo utaniuliza, kwa nini hukumwambia? Loo, kama ingekuwa rahisi hivyo! Bei ile ilikuwa imewatoa wakulima milimani tangu alfajiri, wamejipanga mlangoni, macho yote kwenye mzani. Nimwambie nini mbele yao? Ongeza mbili na nusu? Nilikusudia kumwita pembeni. Haki ya Mungu nilikusudia. Lakini mzani ulisoma hamsini na tisa, na yeye alikuwa ametoka kukimbia wiki nzima akitafuta namba hiyo, akafurahi, akanikumbatia na jasho lake lote. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nikaanza kujiambia kwamba pengine risasi ile haikuzidisha sana. Mtu akiogopa huwa na hesabu zake za ajabu.

Desemba ulikuwa mchujo wa timu ya taifa, Jinja. Mshindi wa kila uzito angeingia kambini Kampala. Afande Erisa alikuwa amewaandikia wakubwa wa ngumi barua tatu kumwombea Swaib nafasi, maana klabu yetu haikujulikana na mtu. Nilisafiri nao kama mshabiki, nimebeba ndoo na taulo. Swaib alikuwa amenyooka, mashavu yamebonyea, macho yanang'aa. Jioni ya kuamkia safari nilikuwa nimempima. Sitini kasoro kidogo.

Mzani wa Jinja ulikuwa mpya, mweupe. Swaib akapanda akitabasamu. Mzee aliyekuwa akipima mabondia akatazama, akamwambia ashuke, apande tena.

"Sitini na mbili na pointi tatu," akasema.

Afande Erisa akacheka, akidhani ni utani. Swaib akavua hata chupi, akapanda uchi mbele ya watu. Ikawa ile ile. Walimpa saa moja ya kupunguza, ndiyo kanuni. Akavaa makoti mawili, yake na ya Afande, akakimbia kwenye barabara ya kuelekea daraja la Nile, jua la saa nne likiwaka. Mimi nilikimbia nyuma yake na ndoo. Alikuwa akitema mate njia nzima ili apungue, mpaka mate yakaisha, midomo ikapasuka. Alikuwa akiniuliza, "Yeko, si ulinipima wewe? Si ulisema sitini?" Nami nikamjibu, "Kimbia, Swaib, usiongee." Mpaka leo najisikia nikisema maneno hayo, na najichukia.

Aliporudi alisoma sitini na moja na pointi nne. Wakafuta jina lake.

Ningesema pale pale. Asingepigana, hilo lilikuwa limekwisha, lakini angebaki na heshima yake. Ningesema mzani wetu ni wa wizi, na Afande angeelewa. Lakini mabondia wawili wa klabu walikuwa watoto wa wakulima waliotuuzia kahawa, wamesimama karibu yangu kabisa. Nikainama, nikakunja taulo.

Afande Erisa alikuwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa mbele ya wakubwa. Hakumtukana. Alimtazama tu, akauliza, "Swaib, nani anakupikia?"

Anayempikia alikuwa Madinah, mkewe, binti wa Bugembe, hapo hapo nje ya Jinja. Walikuwa wameoana mwaka mmoja na miezi kadhaa. Madinah hakupenda ngumi na hakulificha hilo. Mara kwa mara alisema mbele yetu, "Shemeji Yeko, mwambie rafiki yako hicho kichwa chake mimi nakihitaji mpaka uzeeni." Sote tulicheka, na Swaib alicheka kuliko sisi. Lakini siku ile, baada ya swali la Afande, niliona uso wake ukibadilika.

Akaamini kwamba mkewe alimharibia. Eti usiku ule baada ya kupimwa alimtilia mafuta kwenye mboga, eti alfajiri samli kwenye uji, ili asiende Kampala. Madinah alilia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu, akaleta mpaka sufuria zake kumwonyesha shangazi wa Swaib. Swaib akamjibu, "Mzani ulisema sitini nyumbani, ukasema zaidi Jinja. Kati yake kuna nini zaidi ya chakula chako?" Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, nimeitwa kuwasuluhisha. Mimi! Nikasema maneno ya subira na mapenzi ya ndoa, maneno matamu matupu, nikaenda zangu. Kabla ya Ramadhani alimpa talaka, na baba yake Madinah akaja na pikapu kuchukua vitu vyake.

Afande Erisa hasira zilimwisha, akamfuata Swaib mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo. Alimwambia, "Mwanangu, panda uzito wa juu. Una miaka kumi mbele yako." Swaib akamrudishia glavu alizoazimwa, akasema, "Afande, mtu hawezi kupigana kama anaogopa sahani yake mwenyewe." Basi. Akanunua baiskeli, akafunga mto nyuma, akawa boda boda wa kupeleka wanafunzi Nkoma. Miguu iliyofundishwa ulingoni ikawa ya kukanyaga pedeli. Wakati mwingine, akisubiri abiria, bega lake la kushoto lilikuwa likitikisika peke yake, kidogo tu, halafu anajishika.

Tajiri wetu alifilisika mwaka tisini na saba, akahamia kwingine. Hakukuwa na wa kunichoma tena, na bado nilinyamaza mwaka mzima. Woga wa wakulima ulikuwa umeisha; nilichoogopa sasa ni Swaib. Halafu siku moja mchana nilipanda baiskeli yake kwenda Nkoma, nikiutazama mgongo wake ulivyolowa, na maneno yakatoka yenyewe. Nilimwambia yote, risasi, tochi, daraja, mkeka.

Akasimamisha baiskeli. Nikashuka, nikasimama mbele yake, nikaangusha mikono. Nilitaka anipige. Wallahi nilitaka anivunje taya, nilale pale barabarani tuwe tumemalizana. Hakunigusa. Akaegemea usukani, akalia, mwanamume mzima, wanafunzi wanapita. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie Madinah. Mimi sina uso wa kwenda."

Jumamosi hiyo nikapanda teksi mpaka Bugembe. Nilimkuta Madinah kando ya barabara kuu, anauza vitenge, amenenepa kidogo, mtoto amelala miguuni pake. Alikuwa ameolewa tena na fundi mmoja wa magari. Hakuniita shemeji. Aliniita Bwana Yekosofati, akanipa kigoda.

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akikunja vitenge vyake, kimoja baada ya kingine, na hasira niliyoitegemea haikuja. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu.

"Sasa anapigana wapi siku hizi?"

Nikamwambia hapigani. Hakupigana tena tangu siku ile ya Jinja. Anaendesha boda boda.

Mikono yake ikasimama. "Hapana," akasema. "Hapana, bwana. Yule aliniacha ili apigane. Mimi nilijua hivyo. Miaka yote hii nikilala nalia, najiambia, haya, angalau yule mtu yuko mahali fulani anapigana, wanampigia makofi. Kwa hilo tu nilimsamehe."

Akakiweka chini kitenge alichokuwa amekishika.

"Kwa hiyo aliniacha," akasema, "na ngumi pia akaacha?"

"Ndiyo, Madinah."

Akamnyanyua mtoto wake aliyekuwa bado amelala, akamkumbatia, akaanza kulia bila sauti. Mteja mmoja alisimama kuuliza bei ya kitenge.