Sahihi ya Kwanza ya Mama Kimya

Tunamwita Mama Kimya kwa sababu anafanya kazi katika chumba cha kimya, si kwa sababu ananyamaza. Kicheko chake hutangulia kwenye ngazi, mwenyewe akafuata. Chumba hicho kina mlango mzito wa chuma, na kuta zake zimejaa sponji zilizochongoka. Mawimbi ya redio hayapenyi humo. Ndimo maabara yetu inamopima vifaa vya umeme: je, kifaa hiki kinawapigia wenzake kelele za umeme? Na wenzake wakikipigia, kitatulia au kitashtuka?

Kabla ya kupima, lazima uchague kiwango, yaani kanuni za kupimia. Kwa vifaa vya ofisi ubishi huwa kati ya vitabu viwili. Cha kijivu ni cha kompyuta na jamaa zake. Cha bluu ni cha vitu vinavyoendeshwa na mota. Ukikosea kitabu, vipimo vyote ni kazi bure.

Kwa miaka kumi na tisa Mama Kimya alipima, wengine wakatia sahihi kwenye ripoti. Ili atie mwenyewe, ilibidi afaulu mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu. Mara ya kwanza alifeli kwa woga. Mara ya pili alifeli kwa kicheko: mkaguzi alipiga chafya ndani ya chumba cha kimya, sauti ikafa papo hapo kama imefunikwa na godoro, na mama akashindwa kusema neno kwa dakika sita. Nilizihesabu. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho; kanuni haziruhusu ya nne.

Jumanne ya mtihani huo wa tatu alifika saa mbili na robo, sweta amelivaa nje ndani.

“Mama, sweta,” nikamwambia.

“Liache, mwenzangu. Nikiligeuza sasa nitageuza na akili.”

Mkaguzi alikuwa yuleyule wa chafya, miwani puani, uso umekunjwa. Kitu cha mtihani kilikuwa mapokezi tayari: meza ya ofisi yenye miguu ya mota. Ukibonyeza kitufe inapanda, ufanye kazi umesimama. Ukibonyeza kingine inashuka. Fundi seremala aliyeitengeneza alisimama kando yake kama baba wa bibi harusi. Kwenye fomu alikuwa ameweka alama kwenye kitabu cha kijivu.

“Nani kakwambia kijivu?” Mama Kimya akamuuliza.

“Si meza ya ofisi, mama? Kompyuta inakaa juu yake.”

“Hata mimi naona hivyo,” mkaguzi akasema bila kuinua macho. “Au kuna ubishi?”

Mama Kimya akafungua mkoba, akatoa redio ndogo ya betri.

Hapa inabidi nieleze. Mume wake ni fundi cherehani, na cherehani yake ya mota iko upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Kila akishona, redio ya mkewe inakwaruza. Waligombana kwa hilo miaka mingi, na katika kugombana mama akajua kelele kwa sikio: mota hukwaruza kama kijiko kwenye sufuria, chaja ya simu huimba kama mbu. “Ndoa yangu ndiyo chuo changu,” husema.

Akaiweka redio juu ya meza, akabonyeza kitufe. *Kra!* Kisha *krrrrr* wakati meza inapanda. Akaachia. *Kra!*

“Redio si kipimo,” mkaguzi akasema.

“Na wala haitii sahihi, bosi. Mimi ndiye nataka kutia.”

Seremala akaziba mdomo. Mkaguzi hakucheka. “Meza iko ofisini, pembeni ya kompyuta. Kwa nini isipimwe kwa kijivu?”

“Hata mimi niko ofisini, pembeni ya kompyuta. Mbona hamnipimi kwa kijivu?”

Nikainamisha kichwa kwenye daftari langu nisionekane. Lakini mama alikuwa ameacha utani. Mikono miwili imeshika ncha za sweta. “Bosi, kazi ya kompyuta ni habari. Kazi ya meza hii ni kupanda na kushuka. Tukiipima kwa kijivu tutaipima imesimama tuli, na ikisimama tuli haina tofauti na mbao. Cha bluu kinataka ipande, ishuke, na kila *kra* ihesabiwe.”

“Nikishaandika haifutiki. Una hakika?”

Alinitazama mimi, kisha akaitazama meza.

“Andika bluu.”

Mkaguzi akaandika. Usoni mwake hapakusomeka kitu.

Meza ikaingizwa chumba cha kimya, na tukaanza. Meza ilipanda na kushuka, na kila *kra* ikaruka kama kiroboto kwenye kioo cha mashine. “Moja!” akaita Mama Kimya. “Mbili!” akaitikia seremala. “Tatu!” nikadakia mimi. Tulipofika tisa nikasikia sauti ya nne, nzito, ikisema “Tisa!” kabla yetu. Ni mkaguzi. Kuanzia hapo tulihesabu wote kwa pamoja kama watoto wanaoruka kamba, hadi arobaini, na zote zilikuwa chini ya mstari unaoruhusiwa. Mkaguzi akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akafuta machozi ya kicheko kwa kitambaa.

Kilibaki kipimo cha mshtuko. Mama Kimya akaielekeza bastola ya cheche, kifaa cha kurusha cheche za umeme, kwenye kitufe. *Tch!*

Meza ikapanda yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Mkaguzi akanyoosha mkono kuchukua miwani pale alipoiacha, akapapasa hewa, akapapasa tena, wakati miwani imeshafika usawa wa kifua chake.

“Mzee,” seremala akasema, “miwani imepanda cheo!”

Mkaguzi alicheka kwa sauti kubwa, na sponji zikakimeza kicheko chake kama zilivyomeza ile chafya. Mama Kimya akajishika mbavu, akakaa sakafuni.

“Kitabu umechagua sawasawa,” mkaguzi akasema alipopata pumzi. Akatoa karatasi ndani ya faili. “Kuanzia leo unatia sahihi mwenyewe. Anza na hii meza.”

Mama akasimama, akatangaza matokeo. Kelele: imefaulu. Mshtuko: imefeli, kwa kuwa imepanda bila kuamriwa.

Seremala akamtazama. “Yaani unanifelisha huku unacheka?”

“Nisamehe, mwanangu. Kauvishe waya wa kitufe ile pete nyeusi ya kuzuia mishtuko, urudi Ijumaa. Siwezi kuacha kucheka, ni sahihi yangu ya kwanza.”

Seremala akaifuta meza kwa kiwiko cha shati. “Basi iandikie hapa hapa. Kimo kimeshakukaa.”

Akaandika amesimama, ulimi nje. Sahihi ilianza kwenye mstari wake, ikapita mwisho wa mstari, ikaingia nafasi ya tarehe, ikaishia ukingoni mwa karatasi.

Faili hilo ninalo mimi. Tarehe nimeiandika pembeni, kwa kalamu ya risasi.