Kitabu Nilichokihukumu Bila Kukifungua

Nakumbuka siku moja ya kikao cha wazazi katika shule moja ya Kisanga, Kilosa, nilipokuwa mwalimu kijana. Mwanangu, kwanza nitenge niliyoyaona na niliyoyasikia. Kikaoni nilikuwapo, na baadhi ya maneno ya aibu yaliyosemwa humo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe. Lakini habari iliyonisimamisha sikuishuhudia. Nilipewa na dereva wa lori la miwa wa Kidodi, aliyepewa na shemeji yake wa Mikumi, ambaye naye hakuwahi kukishika kitabu chenyewe.

Kilikuwa kitabu cha hadithi ya kubuni, juu ya safari ya kwenda nyota za mbali. Mwalimu Tausi, mwenzangu, alikuwa amekiweka katika kabati la vitabu alilolijaza kwa jitihada zake. Dereva alidai kinawafundisha wasichana kujigeuza wanaume. Basi nikasimama, nikanyoosha tai, nikataka kabati lifungwe na Mwalimu Tausi ahamishwe. Wazazi wakanipigia makofi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wangu siku hiyo ulikosa hata hatamu.

Mwalimu Tausi hakujitetea. Aliuliza tu, "Ni ukurasa wa ngapi, mwenzangu?"

Nikaigeukia meza ya mwenyekiti. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mjomba Athumani, kaka wa mama yangu, na kwetu neno la mjomba ni zito kuliko la baba.

"Mpwa wangu, umekisoma?"

"Shikamoo, mjomba. Nimeambiwa na dereva wa miwa, mtu wa kuaminika."

"Marahaba. Sikukuuliza umeambiwa na nani. Njoo hapa mbele utusomee. Tutakihukumu baadaye, na wewe pamoja nacho."

Mwalimu Tausi akanikabidhi kitabu, nikasoma. Nahodha anatua kwenye nyota ambayo watu wake hawaulizani nani mwanamume na nani mwanamke. Kuwinda na kupika ni kazi ya yeyote anayeiweza. Mgeni huulizwa jambo moja tu kabla ya kupewa maji: mama yako ni wa ukoo gani? Nahodha alijua jina la babaye na cheo chake mwenyewe. Ukoo wa mamaye hakuujua. Kwa hiyo, pale hakuwa mtu.

Bi Zuhura, kikongwe aliyekuwa akisinzia mstari wa mbele, akafumbua macho. "Mjinga huyo. Mtu mzima hajui ukoo wa mama yake?"

"Huko ni kwenye nyota, bibi," nikamwambia.

"Nyota gani? Hapo ni hapa hapa. Baba yako alihamia kwa kina mama yako, akalima shamba la bibi yako, na wewe ukoo wako ni wa mama yako. Au hilo dereva hakukwambia?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mwalimu Tausi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nilijaribu kuukaza uso, nikashindwa.

"Nyani haoni kundule," akasema mjomba kicheko kilipotulia. "Haya, endelea. Nahodha alipata maji?"

Nilisoma hadi alasiri. Kuna kijana humo aliyekataa jina alilopewa, akajichagulia lingine. Ukurasa huo ulinikera, na hadi leo sikubaliani na yote yaliyoandikwa humo. Lakini mamaye alipomwita mara ya kwanza kwa jina lile jipya, niliusoma mstari ule mara mbili bila kuombwa.

Mwanangu, leo unaniletea simu yenye video fupi ya mtu anayelaani kitabu, nawe umekwisha kasirika. Akili za kuambiwa changanya na zako. Soma kwanza, hadi mwisho. Kisha ukikikataa, nitakuheshimu. Wala usiuogope ulimwengu wa kubuniwa: huenda ukakutana humo na bibi yako. Mungu akujalie macho yasiyochoka na moyo usio na pupa ya kuhukumu, na nyumba yako isikose vitabu wala kicheko.

Husemwa kwamba Mwalimu Tausi alikuja kufungua maktaba kule Mikumi. Sijaiona, siiapii. Ninaloliapia ni hili: jioni ile kabati halikufungwa, na nilipopanga foleni kukiazima kitabu kile nilikuwa wa kumi na nne, nyuma ya Bi Zuhura, ambaye hakujua kusoma.